Mjane wa Kwenye Kompyuta

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilitakiwa kuingia Shinyanga saa mbili asubuhi. Iliingia saa saba mchana, na hakuna aliyelalamika, maana mwaka ule wa 1998 mvua za El Nino zilikuwa zimeng'oa reli mahali pengi na abiria walikuwa wamezoea kushukuru kwa kufika tu. Wachukuzi walikimbilia milangoni. Wauza mayai na wauza karanga walijipanga chini ya madirisha, na katikati yao alipita Asteria Bujiku, amevaa gauni la kitenge cha bluu lenye mikono ya puto, nywele kasuka twende kilioni, vitambaa vya meza vimemlala begani.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kudarizi alifundishwa na masista wa misheni, na korongo wake wenye taji walijulikana kwenye sebule nyingi za Ngokolo na Kambarage.

Mbele ya behewa la mizigo alisimama mwanamume mwenye shati jeupe na suruali ya marinda, amekumbatia boksi kubwa kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Maboksi mengine mawili yalikuwa miguuni pake, na kila mchukuzi aliyesogea alimfukuza kwa macho.

"Dada," alimwita Asteria, "hicho kikubwa unauzaje?"

"Hicho cha meza ya watu sita. Una meza ya watu sita?"

"Sina hata ya mtu mmoja. Nataka kufunika kompyuta."

Asteria aliwahi kuiona kompyuta mara moja, benki, kwa mbali. Alilitazama lile boksi.

"Kwani inaona aibu?"

"Inaogopa vumbi. Na vumbi la mji huu unalijua."

"Ukiifunika itapumulia wapi?"

"Hilo sijaambiwa," alisema yule mwanamume, na hapo akacheka, akasahau kulishika boksi vizuri.

Asteria alilipima boksi kwa shubiri, juu na pembeni, akasema atashona kitambaa cha kulitosha, kiwe tayari Alhamisi. Mwanamume alijitambulisha kuwa ni Sostenes, karani wa duka la Firoz, yule muuza nyuzi na vitambaa ambaye mji mzima ulimwita Baba Fiza. Alhamisi alikuja kuchukua kitambaa kabla hata Asteria hajamaliza kukunja pindo. Akakaa kwenye benchi akasubiri saa nzima, na mwisho wa ile saa wote wawili walijua kwamba hakuwa na haraka yoyote.

Cherehani ya Asteria ilikaa kwenye kibaraza cha saluni ya Paskazia, na saluni ilikuwa na simu. Kila asubuhi Baba Fiza alipotoka kwenda benki, simu ya saluni ililia.

"Saluni," Paskazia aliitikia.

"Shikamoo. Naomba kuongea na Asteria."

"Marahaba. Wewe ni yule wa jana au mwingine?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Nauliza tu, nijue nimwite kwa sauti gani."

Asteria alishika simu huku mguu mmoja ukiwa bado nje.

"Mwangaluka," alisema Sostenes.

"Mhola. Msumbwa wa Ushirombo anayesalimia Kisukuma asubuhi asubuhi ana shida."

"Shida ninayo. Nimekaa na kompyuta, haijui hata kuuliza nimelalaje."

"Umelalaje?"

"Vibaya. Sasa nimepona."

"Rudi kazini, Sostenes. Kuna mtu kichwa chake kina dawa na anataka kupiga simu."

Jumapili walikwenda bwawa la Ning'hwa kwa baiskeli, Asteria amekaa nyuma upande, viatu mkononi visishike tope. Ni huko, Jumapili moja ya mwezi wa tisa, alipomweleza habari ya baba yake. Bujiku alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Geita. Asteria akiwa na miaka kumi na miwili, duara, yaani shimo alilokuwa akichimba, lilikatika matimba yake, ile miti ya kuzuia kuta, likamfunika. Wenzake walimtafuta kwa siku kadhaa, na mama yake Asteria alikaa pembeni ya shimo siku zote hizo na chungu cha uji, asile wala asinyanyuke. Mwishowe wachimbaji walikunja kamba. Baba yake yuko hukohuko chini mpaka leo.

Hakuwahi kumwambia mtu mwingine pale mjini. Sostenes hakusema pole wala hakumshika mkono. Alikaa tu kimya akiangalia maji, na Asteria alimpenda kwa ukimya ule kuliko kwa maneno yake yote ya kwenye simu.

Januari dada yake Baba Fiza alikuja kutoka Leicester, Uingereza, kumwoza Fiza. Aliitwa Parvin, mwanamke mwepesi wa kuongea, aliyezaliwa Shinyanga na ambaye Kiswahili chake kilikuwa hakijamtoka. Alipoingia ofisini kwa kaka yake hakuiona kompyuta. Aliona kitambaa juu yake.

"Huyu korongo kashonwa na nani?"

Kesho yake alikuwa kibarazani kwa Paskazia, amevaa sari ya kijani, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Alimweleza Asteria kwamba kule Uingereza siku hizi kuna soko ndani ya kompyuta. Mtu anaweka picha ya kitu chake na maelezo, halafu watu wasiojuana, kila mmoja nyumbani kwake, wanapandishiana bei mpaka mmoja abaki.

"Kama mnada wa ng'ombe," alisema Asteria.

"Mnada kabisa. Ila hakuna vumbi wala ng'ombe."

Asteria alikubali. Parvin akampeleka studio, akamsimamisha mbele ya pazia na kitambaa kimekunjuliwa mikononi. Mpiga picha alipomwambia atabasamu, Parvin alimkatiza. "Usicheke, mama. Kaa hivyohivyo. Hivyohivyo ni vizuri." Asteria alidhani ndivyo picha za Ulaya zinavyopigwa.

Mpango ukawa hivi. Vitambaa vilikwenda Leicester kwa posta. Maelezo aliyaandika Sostenes kwa Kiingereza, akayatuma kwa kompyuta kila Ijumaa, laini ya simu ilipokubali. Naye kila Ijumaa jioni alikuja kibarazani na habari.

"Korongo wako wawili wamegombewa na watu watano."

"Nani kawachukua?"

"Mama mmoja wa Scotland. Alipandisha mpaka wenzake wakakata tamaa."

"Anawapeleka wapi?"

"Mezani kwake, nadhani. Aste, watu wanagombana usiku na mchana kwa ajili ya mikono yako, nami nimekaa tu naangalia. Si ni hatari hii?"

"Pandisha bei na wewe."

"Nitapandisha. Kuna mjomba wangu Ushirombo nataka nimwandikie."

Asteria aliinamia cherehani kuficha uso. Usiku ule alishona taji la korongo kwa uzi usio wake, ikabidi alifumue asubuhi.

Kifurushi kilifika Agosti, kupitia sanduku la posta la Baba Fiza. Kililetwa na mpishi wa nyumbani kwake, kikiwa na jina la Asteria kwa mwandiko wa mkono. Alikifungulia palepale saluni. Ndani mlikuwa na sweta nne za watoto, kubwa, ya kati na mbili ndogo, zimefumwa kwa sufu. Chini yake kulikuwa na barua ya kutoka Scotland, na karatasi iliyochapwa yenye picha yake ile asiyocheka.

Mwalimu Klara, aliyefundisha Kiingereza sekondari, alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Asteria akamwomba asome. Klara alisoma kwa sauti, akitafsiri sentensi baada ya sentensi, kama anavyofanya darasani.

"Mpendwa Asteria. Nimenunua vitambaa vyako viwili. Nami pia ni mjane. Mume wangu alifia kwenye mgodi wa makaa ya mawe, kwa hiyo niliposoma kwamba mumeo alifunikwa na kifusi, na kwamba unawalea watoto wanne kwa sindano, sikuweza kulala..."

Klara alishusha karatasi. Wanawake wote saluni walikuwa wamegeuka.

"Endelea, mwalimu," alisema Asteria.

"Anasema amefuma sweta mwenyewe. Amekisia umri wa watoto."

"Na hiyo karatasi nyingine?"

Klara aliisoma kwanza peke yake. "Hili ndilo tangazo la sokoni. Linasema wewe ni mjane wa mchimbaji dhahabu. Linasema ulikaa pembeni ya shimo na chungu cha uji, ukisubiri mume wako atolewe."

Paskazia aliweka chini kitana. "Asteria, uliolewa lini?"

Asteria alikunja barua na ile karatasi, akavuka barabara kwenda dukani kwa Baba Fiza, bila viatu, maana alikuwa amevivua kwa ajili ya pedali ya cherehani na hakukumbuka.

Sostenes alikuwa ofisini. Alisoma karatasi, na Asteria alimwona anavyobadilika alipofika katikati.

"Mume na watoto sikuandika mimi," alisema. "Naapa, Aste. Mimi niliandika baba."

"Uliandika baba."

"Dada Parvin alisema wanunuzi wanataka kumjua mshonaji. Aliniuliza, ana habari gani huyu dada. Nikaandika kidogo."

"Chungu cha uji umekiandika?"

Sostenes alirudisha macho kwenye karatasi.

"Nimekuuliza."

"Nilikiandika."

"Mimi sikukupa uuze," alisema Asteria. Hakupandisha sauti. "Nilikupa wewe."

Baba Fiza alitokea mlangoni na miwani kwenye paji la uso, akauliza kuna nini. Alipoelezwa, alisema kwa upole kwamba biashara ni biashara, kule kila mtu anatia chumvi, na kwamba hakuna aliyepungukiwa. Asteria alimwambia shikamoo, kama binti yeyote angemwambia mtu wa umri ule, akatoka.

Kufikia Jumatatu mtaa ulikuwa na habari mbili. Moja ilisema Asteria ana watoto wanne aliowaficha kijijini. Nyingine ilisema amemuua mume kwenye kompyuta ili apate misaada ya wazungu. Simu ya saluni ililia asubuhi, na Paskazia akamwangalia.

"Mwambie mjane hapokei simu," alisema Asteria. Jumatano akafunga cherehani kwa kamba, akapanda basi kwenda Katoro kwa dada yake.

Justa alikuwa na mgahawa Katoro, kwenye barabara ya kwenda Ushirombo, akiwapikia ugali wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu. Ulikuwa mji wa haraka, wenye redio zinazolia kila dirisha na watu wanaonunua shati jipya badala ya kufua la zamani. Asteria aliweka cherehani mlangoni, akapata kazi siku hiyohiyo: mapazia ya nyumba za wageni, mifuko ya suruali iliyotobolewa na mawe. Hakudarizi. Mikono yake ilikataa, au alikuwa ameiambia ikatae.

Jambo moja lilimkaa kooni, nalo halikuwa Sostenes. Yule mama wa Scotland alikuwa mjane kweli. Alikaa akafuma sweta nne kwa ajili ya watoto ambao hawapo. Mwezi wa tisa Asteria aliandika barua kwa Kiswahili, akampelekea Klara aitafsiri na kuituma. Haikuwa ndefu.

"Sijawahi kuolewa na sina watoto. Aliyefia shimoni ni baba yangu, na aliyekaa na uji ni mama yangu. Maneno uliyoyasoma sikuyaandika, lakini vitambaa nilivishona mimi. Pole kwa mume wako. Sweta zako ninazo, sijampa mtu. Niambie nizifanyeje."

Wiki mbili baadaye mlinzi wa mnunuzi mmoja wa dhahabu alikuja mgahawani. Alisema Asteria anaitwa kwenye redio ya upepo, kutoka Shinyanga. Katoro simu ilikuwa shida, na redio ile ndiyo iliyowafikisha wanunuzi kwa jamaa zao mijini. Chumba kilikuwa na mizani, meza, na wanaume sita waliokuwa wakisubiri zamu. Hakuna aliyetoka.

"Aste, unanisikia? Ova," ilisema sauti ya Sostenes, imekwaruzika.

Mwenye redio alimwonyesha kitufe cha kubonyeza.

"Nakusikia. Na wenzangu sita wanakusikia. Ova."

Redio ilikoroma kidogo. "Basi nawasalimu. Nilitaka kusema nimemwambia dada Parvin aliondoe lile tangazo, akakataa. Nami nimekataa kuandika tena. Baba Fiza amenitoa ofisini, sasa napima vitambaa kaunta. Ova."

"Kwa hiyo unataka nikupe pole? Ova."

"Hapana. Nataka kuomba msamaha. Si kwa yale ya Parvin. Ni kwa kile chungu. Ova."

Wanaume sita waliangalia chini, mmoja akiwa na donge la udongo mkononi alilolisahau. Asteria alibonyeza kitufe, akakiachia, akakibonyeza tena.

"Hayo si ya kusemwa hewani, Sostenes. Ova."

"Nikija Katoro utanisikiliza? Ova."

"Barabara ni ya serikali, siwezi kukuzuia kuipita. Ova."

Mchimbaji mwenye donge alimnong'oneza mwenzake kwamba hiyo ni ndiyo. Asteria alimsikia, akatoka bila kumsahihisha.

Sostenes alikuja Jumamosi ya gulio, katikati ya mwezi wa kumi. Alishuka basi na shati jeupe lililogeuka rangi ya barabara, bahasha ya barua ya ndege mkononi. Asteria alikuwa amevaa gauni la njano la Justa lililomzidi kiuno, pini mdomoni, pazia mapajani. Hakunyanyuka.

"Ilifika juzi kwenye sanduku la Baba Fiza," alisema Sostenes, akimnyooshea bahasha. "Ina jina lako. Sikuifungua."

Asteria aliikagua gundi, akaichana, akamrudishia karatasi. "Soma. Usiruke kitu."

Alisoma amesimama, watu wakipita na mbuzi na madumu ya mafuta nyuma yake.

"Anasema alikasirika sana. Anasema amelia mara mbili kwa ajili yako, mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili kwa kuona kafanywa mjinga. Amemwandikia mwuzaji wa Leicester maneno makali, na tangazo limeondolewa." Akageuza karatasi. "Anasema vitambaa bado viko mezani kwake, kwa sababu vyenyewe havijasema uongo. Na sweta mpe mtoto yeyote anayesikia baridi."

"Katoro nani anasikia baridi?"

"Mimi nilisikia kwenye basi," alisema Sostenes, "lakini hazinitoshi."

Asteria alitoa pini mdomoni. Alitaka kukasirika tena akakuta hasira ipo, ila imepoa, kama chai aliyoisahau mtu. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, nacho ni kwamba alikuwa amemkumbuka.

"Kwa nini uliandika, Sostenes? Niambie ukweli, hata kama ni mbaya."

Sostenes alikunja barua. "Kwa sababu ile habari ilikuwa nzuri. Niliposikia kile kisa pale bwawani sikuweza kukitoa kichwani. Parvin alipouliza, nilitaka aone kwamba najua jambo kubwa kuhusu wewe. Nilijionyesha. Sikufikiri ni ya nani."

Haukuwa utetezi, na ndiyo maana Asteria aliuamini.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Lakini uliyemuuza si mimi. Kuna mtu Tinde lazima umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Akikufukuza, usinifuate."

"Na asiponifukuza?"

"Usipandishe bei mapema."

Tinde walifika Jumatatu. Mama yake Asteria, Mama Justa, alikuwa uani akichambua pamba, amefunga kanga mbili, miguu ameinyoosha mbele. Kiswahili alikisikia kidogo na kukisema kidogo zaidi. Sostenes alipiga goti, akaamkia, akaanza kueleza, na Asteria akakaa kati yao akitafsiri kwa Kisukuma. Alijua angeweza kulainisha, na mama asingegundua. Hakulainisha neno. Alisema kompyuta, akasema mnada, na alipofika kwenye chungu cha uji ikabidi aanze upya.

Mama Justa hakuacha kuchambua. Alichambua mpaka rundo la mbele yake likaisha.

"Muulize," alisema, "aliandika kwamba nilikaa pale nikilia?"

Sostenes alisema ndiyo, aliandika hivyo.

"Alikosea. Sikulia. Wale wanaume walichoka siku ya kwanza tu, walitaka kuondoka. Nikakaa. Walikuwa wanaona aibu kuondoka mwanamke amekaa. Ule uji ulikuwa wao. Niliwapa kidogo kidogo ili wachimbe." Alipangusa nyuzi za pamba kwenye magoti. "Nguvu zilipowaishia niliwaambia wenyewe, basi, tokeni, kabla hajafa mwingine. Ni mimi niliyewatoa."

Asteria alibaki na mdomo wazi. Miaka kumi na mitano alikuwa amemwona mama yake pale shimoni kama mtu aliyevunjika. Alimtafsiria Sostenes taratibu, akijisikiliza mwenyewe anavyosema, na Sostenes akainamisha kichwa mpaka karibu na udongo.

"Mwambie," alisema Mama Justa, "kama anataka kuoa hapa, aje na mjomba wake Jumapili. Waje asubuhi. Na mjomba awe mtu wa kuongea, maana mimi na ndugu zangu ng'ombe wa mahari hatuwashushi."

Asteria alitafsiri na hilo. Sostenes aliuliza kama amesikia vizuri.

"Umesikia," alisema Asteria. "Nyanyuka sasa, umsaidie mama kubeba pamba."